Kamera na Sitara ya Mnyonge

Huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi makala juu ya upigaji picha. Utasema kuwa kazi ya mhakiki ni kupima mashairi, vitabu na tamthilia, na kwamba picha haina cha kupimwa: mtu amesimama, kamera imemnasa, basi. Lakini hebu tazama nyumbani kwako. Siku hizi ni nadra kupata nyumba Lamu au Mombasa, Tanga au Unguja, isiyokuwa na kamera, kwani kila simu imekuwa kamera. Na halipiti juma ila picha ya mtu aliyefikwa na balaa imeingia sebuleni mwetu bila ya kupiga hodi. Leo ni mtoto mwenye njaa, kesho ni mjane aliyeunguliwa na nyumba, keshokutwa ni mkimbizi aliyelala juu ya mchanga. Picha hizi huletwa kwa jina la kheri. Twaambiwa tutazame, tuingiwe na huruma, tutoe. Na wapigaji wake hujihesabu kuwa ni watetezi wa wanyonge, wakisema kuwa kazi yao ni kuwafanya waonekane wale ambao dunia imekataa kuwaona.

Neno hilo la "kuonekana" ndilo tulilolikusudia leo. Je, kila aliyeonekana amenufaika? Hatutaki kuingia katika khitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha. Hilo lina mahali pake na lina wenyewe. Sisi twauliza jambo jingine: picha ikisha kupigwa, na aliyeipiga akadai kuwa amempigia mnyonge ili amtetee, je, imemtendea nini mnyonge huyo?

Watu wa pwani tunalo neno moja linalotosha kuanzia, nalo ni sitara. Sitara ni nguo ya mwili, ni ukuta wa nyumba, na ni ulimi unaonyamaza juu ya aibu ya jirani. Mtu wetu akifikwa na ufukara huona ni bora alale na njaa ndani kuliko kusimama njiani akinyoosha mkono. Utamkuta bibi ameinjika chungu cha maji matupu ili moshi uonekane na majirani wasijue. Mtu wa namna hiyo ukimwingilia na kamera, umemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Ndiyo maana wako wazee wetu wasemao kuwa picha za dhiki hazifai kabisa, na kwamba mnyonge aachwe na siri yake.

Rai hiyo ina heshima yake, lakini hatuwezi kuifuata mpaka mwisho. Kwani kuna kumsitiri mtu, na kuna kuisitiri dhulma, na mambo mawili haya hayafai kuchanganywa. Mwaka 1973 njaa kubwa iliingia katika mkoa wa Wollo, kaskazini ya Ethiopia. Serikali ya Mfalme Haile Selassie haikupenda khabari hiyo ienee, na watu walikufa kwa maelfu huku mji mkuu ukiendelea na shughuli zake. Watu hao walikuwa wamesitirika sana, kwani hapana aliyewaona. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mwandishi wa televisheni ya Uingereza, Jonathan Dimbleby, alipoonyesha filamu aliyoipiga huko, ndipo dunia ikajua na misaada ikaanza kwenda. Basi atakayesema kuwa waliofariki Wollo wangeachwa na siri yao, siri ile haikuwa yao. Ilikuwa siri ya mtawala.

Hapa ndipo tunapopata kipimo chetu, na twakuomba msomaji ukishike mpaka mwisho wa makala. Picha iliyo njema humsitiri mtu na kuifichua dhulma iliyomfika. Picha iliyo mbaya hufanya kinyume: humfichua mtu na kuisitiri dhulma. Zote mbili zaweza kuwa na machozi, na zote mbili zaweza kukusanya fedha. Kwa hivyo tusizipime kwa machozi wala kwa fedha. Tutazame ni kipi kilichoachwa wazi na ni kipi kilichofunikwa.

Tukianza na aliyetangulia, alikuwako Marekani mwalimu mmoja jina lake Lewis Hine, aliyezaliwa mwaka 1874. Zama hizo watoto wa maskini wa nchi hiyo walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vya pamba, migodi ya makaa na karakana za kutia vyakula makoponi, na wenye mali wakisema kuwa kazi yawafunza adabu. Mwaka 1908 kamati iliyoundwa kupinga utumishi wa watoto ilimwajiri Hine azunguke nchi na kamera yake. Wenye viwanda hawakumtaka, na mara nyingi alilazimika kuingia kwa hila, pengine akijifanya mkaguzi wa moto, pengine muuza vitabu vya dini. Aliwafanyia hila wenye nguvu. Kwa watoto alikwenda kwa kuwauliza, na walichomjibu alikiandika kwenye kijitabu. Alikuwa hata akivijua vifungo vya koti lake vimepandana kwa inchi ngapi, ili akisimama karibu na mtoto ajue kimo chake bila ya msimamizi kutambua.

Tazama picha yake moja ya mwaka 1908, aliyoipiga katika kiwanda cha kusokota nyuzi mahali paitwapo Whitnel, North Carolina. Mtoto wa kike amesimama kando ya mashine ndefu iliyojaa mapia ya nyuzi, ikenda mbali nyuma yake. Hakulia wala hakuanguka. Amesimama wima, amevaa nguo yake ya kazi, anakutazama. Chini yake Hine ameandika kuwa kimo cha mtoto huyo ni inchi 51, kuwa amekuwa kiwandani mwaka mmoja, kuwa mara nyingine hufanya kazi usiku, na kuwa ujira wake ni senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri alisita, akasema hakumbuki. Kisha akamwambia kwa siri kuwa hajafika umri wa kufanya kazi lakini anafanya vivyo hivyo. Na Hine akaongeza kuwa katika wafanyakazi 50 wa kiwanda kile, 10 walikuwa watoto wa kadiri yake.

Zingatia, msomaji, ni nani aliyeaibika katika picha hiyo. Mtoto hakuaibika hata kidogo. Jina lake halimo katika maelezo yale, wala machozi yake hayakutafutwa. Kilichovuliwa nguo mbele ya watu ni kiwanda: ukubwa wa mashine, saa za usiku, senti 48, na watoto 10 katika watu 50. Mtoto amefanywa shahidi wa jambo lake mwenyewe, na kauli yake imepokewa kama ipokewavyo kauli ya shahidi, bila ya kupambwa. Mtu akiisha kuitazama hawezi kusema "maskini!" akaondoka. Atauliza mwenye kiwanda ni nani na sheria iko wapi.

Na sheria ilikuja, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mwaka 1916 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto, na mwaka 1918 mahakama kuu ya nchi hiyo ikaibatilisha. Ilibidi kungojwa mpaka mwaka 1938 kupatikana sheria iliyosimama. Tumelitaja hili ili mtu asidhani kuwa picha peke yake hukomboa watu. Picha ni shahidi. Hakimu ni mwengine. Hine mwenyewe alifariki mwaka 1940 akiwa katika ufukara, na nyumba yake imekwisha kumtoka. Lakini picha zake zaidi ya 5,000 zimehifadhiwa katika maktaba ya bunge la nchi yake, na kila moja yaweza kusomwa kama ushahidi.

Kutoka huko twende kwa mtu wa karibu nasi. Mohamed Amin alikuwa Muislamu wa Kenya, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, na utoto wake aliukulia Tanganyika. Kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963. Unguja nayo ilimjua, kwani mwaka 1966 aliwekwa gerezani huko karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake. Ni yeye aliyetoa mwaka 1978 kitabu cha picha za Hija, ambacho baadhi ya nyumba zetu wanacho hadi leo. Lakini dunia yamkumbuka zaidi kwa siku chache za mwezi wa Oktoba 1984, alipokwenda Korem na Mekele, kaskazini ya Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk.

Filamu waliyoileta ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984. Aliyeiona hakuisahau. Ni alfajiri, baridi na ukungu vimetanda juu ya uwanda, na chini ya ukungu watu kwa maelfu wamejikunyata katika mashuka yaliyokuwa na rangi ya vumbi. Kamera ya Amin haikimbii. Yapita polepole juu ya watu hao, yasimama kwa mama na mtoto, yapita tena juu ya maiti waliofungwa katika magunia wakingoja kuzikwa. Kwa ufundi na kwa moyo ni kazi kubwa. Mapema mwaka ule idara ya misaada ya Ethiopia ilikwisha kutoa tahadhari kwa maandishi, na nchi zenye nafaka hazikushtuka. Filamu ya dakika chache ikazishtua. Ndege za jeshi la Uingereza zilibeba chakula, wanamuziki wakakusanya fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanywa matamasha makubwa London na Philadelphia yaliyotazamwa pembe zote za dunia. Wako watu hai leo, na watoto wao na wajukuu wao, kwa sababu ya picha zile. Hilo si dogo, na yeyote atakayemkosoa Amin na aanze kwa kulikiri.

Baada ya kulikiri, turejee kwenye kipimo chetu. Picha za Korem zilifichua nini, na zilisitiri nini? Zilifichua njaa mpaka mfupa. Lakini njaa ile haikuwa na sababu ndani ya picha. Maneno yaliyofuatana nazo yaliifananisha na njaa za vitabu vya kale, kama kwamba mbingu ndiyo iliyofunga mvua na hapana mja aliyehusika. Ukame ulikuwapo, ndiyo. Lakini pia kulikuwa na vita. Serikali ya wanajeshi chini ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita hivyo viliharibu masoko, vikazuia watu kwenda kutafuta kazi na chakula, na vikafanya njaa kuwa silaha. Mwezi mmoja tu kabla ya filamu ile, mnamo Septemba 1984, serikali hiyo ilikuwa ikisherehekea kwa fahari kubwa mwaka wa 10 wa mapinduzi yake. Na hapa pana jambo la kuzingatia: ni wanajeshi hao hao ambao mwaka 1974, usiku wa kuamkia siku ya kumwondoa mfalme, walionyesha filamu ya njaa ya Wollo katika televisheni ili kumwaibisha. Waliifichua dhulma ya mwenziwe, na yao walipofika zamu waliifunika.

Kwa kuwa picha haikusema sababu, dawa nayo ilikuwa nusu. Nafaka ilikwenda, lakini vita havikuulizwa. Serikali ile ile ikawahamisha watu wapatao 600,000 kutoka kaskazini kuwapeleka kusini-magharibi, wengi wao kwa nguvu, na maelfu walifia njiani na huko walikofikishwa. Watazamaji wa Ulaya waliokuwa wamelia mwezi wa Oktoba wengi wao hawakulijua hilo, kwa sababu walichoonyeshwa ni watu wenye njaa, na mwenye njaa hadaiwi maelezo zaidi.

Tena, watu wa Korem walionekana na kila kitu ila walivyo. Katika Uingereza ulitungwa wimbo wa kuwachangia, na jina lake lauliza kama watu wale wanajua kuwa ni Krismasi. Nia ilikuwa njema, na fedha zilipatikana. Lakini Wakristo wa Ethiopia wana kanisa lililotangulia makanisa mengi ya Ulaya, na Wollo ni nchi yenye Waislamu wengi sana, walioishi bega kwa bega na Wakristo hao kwa karne nyingi. Sisi hatuhitaji kufundishwa khabari za Habash: ndiko walikopewa hifadhi Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka, kwa uadilifu wa Najashi. Watu wenye tarikh kama hiyo waliingia masebuleni mwa watu bila ya jina, bila ya dini, bila ya lugha, wakawa tumbo tupu. Kosa hilo silo la mpigaji peke yake, kwani wahariri na wasemaji na watazamaji wote wameshiriki. Lakini ni kosa, na mwaka 1989 hata mashirika ya misaada ya Ulaya yenyewe yaliona haja ya kukubaliana mwongozo juu ya namna ya kuwaonyesha watu wa nchi maskini, ili wasionyeshwe kama wasiojiweza tu.

Mohamed Amin aliendelea na kazi ile kwa gharama kubwa. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake Addis Ababa katika mripuko wa ghala la silaha, akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alifariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija. Mola amrehemu. Alikuwa shahidi mkweli wa aliyoyaona. Upungufu tulioutaja ni wa ushahidi uliokatwa kabla ya kufika mwisho.

Picha ya tatu ni ya mwaka huo huo wa 1984, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba za Kiislamu. Katika kambi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan, walikuwa wakiishi Waafghani waliokimbia vita vya Warusi. Mpiga picha wa Kimarekani, Steve McCurry, aliingia katika hema lililokuwa skuli ya wasichana. Humo alimkuta mtoto wa kama miaka 12, mwenye macho ya kijani, amejitanda mtandio mwekundu uliotoboka. Akampiga picha. Mwezi wa Juni 1985 uso ule ukawa jalada la jarida la National Geographic, na ukawa mojawapo ya picha zinazojulikana kupita zote duniani.

Sina shaka umepata kuiona. Mtoto anakutazama moja kwa moja, na nyuma yake hapana kitu ila rangi ya kijani iliyofifia. Hema halipo, skuli haipo, wenziwe hawapo, vita havipo. Kila kitu kimeondolewa yakabaki macho. Wenye jarida waliandika kuwa macho hayo yaeleza khofu ya mkimbizi, na dunia ikakubali. Lakini mwenyewe alipopatikana na kuulizwa, alisema anakumbuka kuwa siku ile alikasirika. Mwanamume yule alikuwa mgeni, na yeye hakuwa amepata kupigwa picha kabla ya hapo. Katika picha nyingine ya siku ile ile ameunyanyua mtandio kwa mikono miwili akaziba nusu ya uso. Sisi tulio na mabinti twaijua ishara hiyo, haihitaji mkalimani. Iliyokwenda jaladani ikawa ile isiyozibwa.

Alipatikana lini? Mwaka 2002. Kwa karibu miaka 17 uso wake ulitundikwa kuta za watu wasiomjua, ukauzwa na kununuliwa, na yeye, ambaye jina lake ni Sharbat Gula, alikuwa mke na mama asiyejua kuwa picha hiyo ipo. Jina halikuwa limeandikwa. Huku twasema kuwa alifanywa aonekane! Baada ya kupatikana, jarida lile lilianzisha mfuko wa kusomesha wasichana wa Afghanistan, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini umaarufu haukuwa ngao kwake. Mwezi wa Oktoba 2016 alikamatwa Pakistan kwa kutumia kitambulisho kisicho halali, kama walivyofanya wakimbizi wengi waliotaka kuishi tu, na kwa kuwa uso wake wajulikana, khabari za kukamatwa kwake zikaenea dunia nzima. Alirudishwa Kabul, serikali ya wakati ule ikampa nyumba. Na mwaka 2021, baada ya Taliban kurudi madarakani, ilibidi ahame tena, akapokewa Italia. Alipohojiwa alisema kuwa picha ile ilimletea matatizo kuliko manufaa, ijapokuwa alifurahi kusikia kuwa fedha zake zimewafaa wajane na mayatima.

Weka picha ya Whitnel kando ya picha ya Nasir Bagh, msomaji, uzitazame pamoja. Zote mbili ni za mtoto wa kike maskini anayekutazama. Zote mbili hazina jina. Lakini moja imemwacha mtoto na heshima yake ikakuonyesha mashine iliyomla. Nyingine imechukua uso wa mtoto ikauacha ule moto uliomtoa kwao. Kwa uzuri wa rangi ya pili yashinda. Kwa ushahidi, ya kwanza yasimama mbele ya kadhi yeyote, na ya pili haina la kusema ila "tazameni macho haya".

Sasa tuje nyumbani, kwani makala hii haikuandikwa ili tuwahukumu watu wa mbali tukajisahau. Kila Ramadhani inapoingia, katika miji yetu hugawiwa unga, mchele, mafuta na tende. Ni kheri kubwa. Lakini umeona picha zinazofuata. Bibi wa miaka 70 amesimamishwa mbele ya bango lenye jina la mfadhili, ameshikishwa mfuko wa unga, ameambiwa atazame kamera. Pembeni yake wamejipanga vijana na waheshimiwa wakitabasamu. Kabla ya magharibi picha hiyo imefika katika simu za watu mia mbili, na miongoni mwao ni mkwe wake, na mwalimu wa mjukuu wake, na shoga yake ambaye miaka yote hakujua kuwa jiko la mwenziwe halina moto. Kilo mbili za unga zitakwisha kabla ya juma kwisha. Ile picha haitakwisha.

Watoaji wana hoja, na ni haki isikilizwe. Wasema: aliyetuma fedha yuko mbali, huenda yuko Muscat au London, naye ataka kujua kuwa amana yake imefika. Kweli, amana haina mchezo, na walioila amana za mayatima wamefanya watu wadai ushahidi. Lakini ushahidi wa unga ni unga. Piga picha magunia yakishushwa ghalani, piga risiti ya duka, piga daftari la mgao lililotiwa saini ukayafunika majina, piga mikono ikipokea bila ya uso. Ukitaka zaidi, mtume mtu mwaminifu akaone kwa macho yake. Mfadhili asiyeridhika na hayo yote, akataka lazima auone uso wa bibi, hataki tena kujua kuwa amana imefika. Ataka kitu kingine, na kitu hicho si cha bibi kukilipa. Dini yetu imemkanya mtoaji asimsimange aliyempa. Masimango ya ulimi husikiwa na waliopo, kisha yakapita. Ya picha huoneka na wasiokuwapo, na hubaki.

Na tusije tukapindukia upande wa pili. Iwapo mtaa umefungiwa maji, iwapo watu wamevunjiwa nyumba bila ya fidia, iwapo wavuvi wamezuiwa bahari yao, iwapo hospitali haina dawa na mama anajifungua sakafuni, hapo kuficha ni kumsaidia dhalimu. Hapo ichukue kamera. Lakini upige kama shahidi. Muulize mwenye jambo kama aridhia, na umweleze picha itakwenda wapi, akikataa, mwache. Onyesha kilichomfika na aliyemfikisha: bomba lililokatwa, barua ya kufukuzwa, rafu tupu ya dawa. Andika siku, mahali na kiasi. Kauli yake iandike kama alivyoisema, usimlize ili ipendeze. Kama jina lake litamletea shari, lisitiri. Kama ataka litajwe, litaje sawasawa. Na picha ikisha kutoka, mrudie umwonyeshe, kwani ni yake kabla ya kuwa yako.

Sharti hizo si ngumu. Hine alizitimiza zaidi ya miaka 100 iliyopita akiwa na sanduku zito la kamera na unga wa kuripua mwanga, akijificha na walinzi wa kiwanda. Sisi tulio na kamera nyepesi mfukoni tutatoa udhuru gani?

Basi mara nyingine picha ya mnyonge itakapoingia katika simu yako, kabla ya kuipeleka kwa wengine, itazame kwanza kwa kipimo hiki. Jiulize yaonyesha dhulma gani na imefanywa na nani. Jiulize kama mwenye uso ule angekuwa mama yako ungependa majirani wamwone hivyo. Ukikuta kuwa picha haina la kusema ila udhalili wa mtu, mchango wako utoe kimya kimya, na picha uifute. Na mwanao akikuuliza mbona umeifuta na hali ni picha ya kheri, mkalishe umweleze, kwani kesho yeye ndiye atakayeishika kamera.